Mshipa Uliojificha Chini ya Mkono Wangu

Alhamisi, jioni, Migosi.

Leo Kisumu imechemka tangu asubuhi, kisha alasiri mvua ya mawe ikatwanga mabati hadi jirani yangu akaacha kugombana na mumewe, maana hawakuwa wanasikiana. Sasa kumepoa. Sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, wamefunika kioo cha dirisha. Nimekaa mezani na chai iliyopoa na hasira ambayo haijapoa.

Si hasira ya kumpiga mtu. Ni ile inayomfanya mtu aoshe sufuria zote za jikoni, hata zilizo safi. Nimeziosha zote na bado ipo. Kwa hiyo naandika.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza, mimi ni mtu wa ganzi. Wagonjwa huniita daktari, ingawa mimi ni klinikal ofisa niliyesomea kulaza watu kwa ajili ya upasuaji. Mama yangu kule Vihiga huwaambia wenzake wa kanisani kwamba binti yake analipwa kwa kulaza watu usingizi. Huwa namrekebisha kila nikienda nyumbani. Kumlaza mtu ni rahisi, mama. Kazi ni kumwamsha.

Leo nimekaribia kumlaza mtu asiamke.

Nitamwita Mama Peres. Si jina lake. Nilimwomba ruhusa ya kuandika akasema niandike, ila nisimpe jina la kizungu la ajabu. Anaishi Manyatta na anauza samaki wa moshi pale sokoni Kibuye. Ni mjane, mnene kidogo, mcheshi, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka mbali. Miaka mingi amekaa mbele ya tanuri la kukaushia samaki, na moshi uliokuwa ukikausha samaki ulikuwa ukimkausha na yeye. Kifua chake kimechoka. Akitoka kitandani kwenda msalani, anapumzika njiani.

Wiki iliyopita aliumwa na kamongo. Kwa msiokula vitu vya ziwa hili, kamongo ni samaki mrefu kama nyoka aliyenenepa, ana meno ya kutisha na ana mapafu. Ukimtoa majini hafi. Analala ndani ya beseni akivuta hewa kama wewe, ametulia, na mwenye haraka humdhania mzoga. Mama Peres alimdhania mzoga. Akatia mkono kumgeuza, na kamongo akamshika kiganja.

Nimelifikiria hilo siku nzima. Samaki mwenye mapafu mazima akamuuma mwanamke ambaye yake yamekwisha.

Akafanya wanavyofanya wengi. Kwanza maji moto na chumvi, kisha majivu, kisha maombi, na mwisho kabisa hospitali. Alipofika kwetu mkono wa kulia ulikuwa umevimba, vidole havikunjiki, usaha umejaa ndani ya kiganja na uvimbe unapanda kuelekea kwenye kifundo. Daktari Ogola, mpasuaji wetu, aliutazama mara moja tu. Akasema ufunguliwe leo, la sivyo vidole vitaoza. Ni mkono unaoshika kisu. Bila huo hakuna samaki, na bila samaki hakuna nyumba kule Manyatta.

Ndipo zamu ikawa yangu. Nimlaze vipi mtu huyu?

Nusukaputi niliikataa hapo hapo. Ningemlaza mwili mzima, ningelazimika kumtia mpira kooni na kumpumulisha kwa mashine, na mapafu kama yale yakishaonja mashine hukataa kurudi kazini. Kitanda chetu cha mahututi kilikuwa na mtu. Nilimwambia Daktari Ogola waziwazi kwamba nikimlaza huyu mama, sina hakika ya kumrudisha kwa binti yake. Alinung'unika kidogo. Yeye ni fundi mzuri kabisa wa kisu, ila subira Mungu alimpimia kwa kijiko cha chai.

Iliyobaki ilikuwa kumwacha mama macho na kulaza mkono peke yake. Huku thieta, chumba cha upasuaji, njia hiyo tunaiita bloku. Unatafuta neva, zile nyuzi zinazobeba maumivu kutoka mkononi kwenda kwenye ubongo, unamwaga dawa ya ganzi kuzizunguka, na mkono unalala kama si wa mwenyewe. Unaweza kuzitafuta shingoni, juu ya mtulinga, au kwapani. Nilichagua kwapani. Hizo njia za juu zinaweza kulegeza msuli wa pumzi au kutoboa pafu, na Mama Peres hakuwa na pafu la kuchezea. Nikapapasa tezi za kwapani nione kama maradhi yamefika huko. Hazikuwa zimevimba.

Hatari ya bloku naijua kama ninavyojua njia ya kwenda kwangu. Dawa ya ganzi ikikaa kando ya neva ni baraka. Ikiingia kwenye damu inakimbilia kwenye ubongo na moyo. Mtu anahisi ladha ya chuma mdomoni, masikio yanavuma, ulimi unakufa ganzi, kisha degedege, kisha moyo unaweza kusimama. Tunayo dawa ya kuokoa, yale mafuta meupe ya kutundika kwenye mshipa, na nilikuwa nimeyaweka mezani kabla mama hajaingizwa. Lakini kuwa na ndoo ya maji hakumpi mtu ruhusa ya kucheza na kiberiti.

Kwa hiyo kabla ya kusukuma dawa, tunavuta kwanza. Ukivuta ukaona damu, ncha ya sindano imo ndani ya mshipa, toka. Usipoona damu, sukuma taratibu. Nimeishi kwa sheria hiyo tangu nianze kazi, na nimelala usingizi mzuri kwa ajili yake.

Sasa nifike kwenye jeli.

Altrasaundi, ile mashine inayotuonyesha kilicho chini ya ngozi, haioni kitu bila jeli kati ya kichwa chake na mwili wa mtu. Jeli yetu huisha kabla nyingine haijaletwa. Tunaizimua kwa maji ya dripu, tunaipindua chupa kichwa chini, tunaibana hadi inatoa sauti za aibu mbele ya wagonjwa. Na jeli ikiwa haba, picha hukatika, upande mmoja unakuwa giza. Dawa yake kila mtu hapa anaijua. Kandamiza. Bonyeza kichwa cha mashine kwenye ngozi na picha inarudi, safi, mpaka mnapongezana.

Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Imetuingia mikononi kama mtu anavyozoea mlango mbovu wa nyumba yake. Anaunyanyua kidogo ndipo aufunge, kila siku, hadi anasahau kwamba ni mbovu. Mgeni akija ndiye anayeshangaa.

Kumbe kuna kitu tunachokibonyeza pamoja na ngozi.

Mishipa ya damu ni ya aina mbili. Ateri hutoa damu moyoni, na ina nguvu. Ukiibana inakataa, inaendelea kudunda kwenye picha. Vena huirudisha damu, na ni laini. Ukiibana inalala bapa na kupotea machoni. Hili nililisoma, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama yangu. Lakini kujua jambo la mtihani na kulijua kwa mkono ni vitu viwili, na leo ndiyo nimevitofautisha.

Mama Peres alilala chali, mkono umekunjuliwa pembeni, mto chini ya mabega ili apumue. Tulisalimiana kwa Kiluo changu kibovu, akacheka lafudhi yangu, akanipa ya kwake ya Kiswahili.

"Nyathina, mwanangu, hii mkono isikatwe," aliniambia. "Ikikatwa nitafanya nini? Nitauza soda?"

Nikamwambia hatutakata kitu. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba nikishaingiza sindano ajitahidi asikohoe.

"Nitajaribu. Lakini hii kifua iko na kichwa yake."

Nikakivika kichwa cha mashine glavu safi, nikakamulia jeli iliyokuwepo, ikatoka tone la kusikitisha. Nikakandamiza, na picha ikaja nzuri sana. Ateri ikidunda katikati, neva zimeizunguka kama watu wanaozunguka jiko wakati wa baridi, na vena moja pembeni, imebanwa, mstari mwembamba tu. Njia ya sindano ilikuwa nyeupe, haina kitu. Niliichora kwa macho, nikatia ganzi kwenye ngozi, nikaingiza sindano hadi nyuma ya ateri, karibu kabisa na neva niliyoitaka. Sista Meri, nesi anayenisaidia, alikuwa ameshika bomba la dawa, lililounganishwa na sindano kwa mpira mwembamba. Nikamwambia avute.

Akavuta, hakukuwa na damu.

"Iko safi," alisema, na kidole gumba chake kikakaa tayari kusukuma.

Hapo Mama Peres akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha adabu. Kilitoka chini kabisa, kikamnyanyua mabega, kikatikisa meza. Niliishika sindano isisogee ndani, na mkono wangu mwingine, ule wa mashine, ukaachia. Kichwa cha altrasaundi kikabaki kimegusa ngozi kwa shida. Macho yangu yalikuwa bado kwenye skrini. Pale nyuma ya ateri, mahali nilipoona peupe, duara jeusi likafunguka. Likafunguka na kuwa kubwa kuliko ateri yenyewe. Na ncha ya sindano yangu ilikuwa katikati yake.

Haikuwa kando. Ilikuwa ndani.

Nilisema "Usisukume!" kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi wodi ya wazazi. Sista Meri akainua kidole kana kwamba bomba limemuunguza. Nikamwambia avute tena. Bila mkono wangu kukandamiza, damu nyeusi ikaja yenyewe, ikajaza mpira wote hadi kwenye bomba.

Nikaelewa kila kitu kwa wakati mmoja. Ile vena ya nyuma ya ateri nilikuwa nimeilaza bapa kwa mkono wangu mwenyewe. Tulipovuta haikutoa damu kwa sababu haikuwa na nafasi ya kuwa na damu. Kuta zake zilikuwa zimegusana juu ya sindano. Macho yaliniambia hakuna mshipa. Bomba likaniambia hakuna mshipa. Mashahidi wawili, na wote nilikuwa nimewaziba midomo mimi.

"Mos, pole, daktari," Mama Peres alisema akitafuta pumzi. "Nimeharibu?"

Nikamwambia hajaharibu. Nikaitoa sindano, nikabana pale kwa pamba.

Daktari Ogola alikuwa ameshanawa, mikono juu, anangoja. Aliuliza kuna shida gani. Nilipomweleza akasema nimlaze tu, tumalize. Hakusema kwa ubaya. Kila mpasuaji duniani anaamini usingizi ndio suluhisho la mambo yote ya mtu wa ganzi. Nilimtazama mama kifua kinavyopanda na kushuka, nikasikia miluzi ya pumzi yake, nikasema hapana. Nikasema nitaanza upya na atangoja.

Akangoja. Nilishangaa.

Kitu cha kwanza kilikuwa jeli. Nilimwambia Sista Meri sitagusa tena ngozi ya mtu na lile tone. Akatoka, akarudi na pakiti za ile jeli safi wanayopaka mpira wa mkojo kabla ya kuuingiza, alizowaomba wodi ya wanaume. Sijui aliwaambia ni ya nini. Nikapaka kwa wingi, kama mtu apakaye mtoto mafuta siku ya ubatizo, na nikaweka kichwa cha mashine juu ya jeli, si juu ya mama. Nikaacha kielee.

Yesu wangu. Kwapa lile lilikuwa soko.

Vitabu huchora vena moja nene kando ya ateri, tulivu, mahali pake. Mama Peres hakusoma hivyo vitabu. Alikuwa na ile ya pembeni, na nyingine juu yake iliyogawanyika kisha ikaungana tena, na ile kubwa ya nyuma iliyojipenyeza kati ya ateri na neva, mahali hasa ambapo sisi hupenda kupitisha sindano. Nilibonyeza kidogo, zote zikapotea. Nikainua, zote zikarudi. Nikambonyeza na kumwachia mara kadhaa, Sista Meri akichungulia juu ya bega langu. Wala mama hakuwa na ugonjwa wowote wa mishipa. Ndivyo alivyoumbwa. Kwapa la mtu mwingine litakuwa na ramani nyingine, na la kwangu sijui lina nini.

Nilitafuta njia kutoka chini, nikiizunguka ile ya nyuma. Sindano ikasogea kidogo, nikasimama, nikainua mkono nione, nikasogea tena. Sista Meri alisukuma dawa kwa vijitone, akivuta kila mara, na kila mara nilikiinua kichwa cha mashine kabla hajavuta ili vena isibanwe. Niliiona dawa ikimwagika pale nilipotaka, ikitengeneza kidimbwi cheusi kuizunguka neva. Dawa ikiingia kwenye mshipa haionekani ikimwagika popote, na hilo nalo ni dalili. Katikati ya kila tone nilimuuliza mama. Ulimi uko sawa? Masikio yanavuma? Unaonja chuma?

"Mdomo iko sawa," alijibu. "Ni njaa tu. Mlininyima hata chai."

Baadaye kidogo akageuza shingo kuutazama mkono wake, akauangalia kama unavyoangalia mzigo wa mtu mwingine.

"Sasa huyu amelala? Mimi niko macho na huyu amelala?"

Daktari Ogola alifungua kiganja. Usaha ulitoka na ile harufu ambayo hata barakoa haizuii. Mama akikohoa, Ogola aliinua kisu, akangoja, akarudi. Nilimwona mtu asiye na subira akisimama kila kikohozi kama gari linalosubiri ng'ombe wavuke barabara, na nikampenda kwa hilo. Neva hazikuguswa na jino la kamongo, kano zilikuwa nzima. Vidole vitabaki. Mama Peres alisali kwa Kiluo muda wote, taratibu, na kila alipofika kwa jina la Nyasaye, Mungu, vidole vyake vya mkono wa kushoto vilibana shuka.

Alitoka thieta akipumua mwenyewe, akiomba uji.

Ningeishia hapo, hii ingekuwa shajara ya furaha.

Kwenye chumba cha chai nilimwambia Daktari Ogola kwamba kesho, kwenye kikao cha asubuhi, nitaeleza yaliyotokea. Alitia sukari, akakoroga, akanitazama kwa huruma kabisa.

"Sikiza, madam," alisema. "Mama ni mzima, mkono iko, umefanya kazi poa sana. Ukienda kusema sindano ilikuwa ndani ya vena, unajua mkubwa atasema nini. Atasema bloku ziishe. Ajali haina kinga, wacha ipite."

Na ana hoja, ndilo linaloniudhi. Mkuu wa idara yetu hajawahi kuzipenda bloku. Huziita mambo ya kujionyesha. Amekuwa akitafuta sababu ya kuzifuta, na mimi ndimi ningemkabidhi sababu hiyo ikiwa imefungwa vizuri. Zikifutwa, mama mwingine mwenye mapafu ya moshi atakuja na mkono uliooza, na nitalazimika kumlaza mwili mzima, na huyo huenda asiamke. Nikinyamaza, bloku zitaendelea. Na watu wataendelea kukandamiza.

Nilinyamaza. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilinyamaza, nikamaliza chai, na kwa muda nikaona Ogola ana haki. Hata nikajiambia nitamnong'oneza mmoja mmoja, pembeni, polepole, bila kelele. Mtu mwoga ana mipango mizuri sana.

Kabla ya kutoka nilipitia wodini. Mvua ilikuwa ikipiga paa na wagonjwa wamevutwa mbali na madirisha. Mama Peres ameegemea mito, mkono umefungwa na kuning'inizwa, bado umelala. Binti yake Atieno alikuwa akimnywesha uji. Nilikuwa nimekusudia kuuliza tu hali, nimpime pumzi, niende. Kwa nini nilivuta kiti nikakaa, sijui. Labda ni ule uji. Labda ni jinsi alivyoniambia erokamano, asante, kwa moyo wote, mbele ya wodi nzima, na nikahisi nimepokea kitu kisicho changu.

Nikamwambia. Nikasema, mama, asubuhi sindano yangu iliingia ndani ya mshipa wa damu na sikujua. Nilikuwa nimeubana kwa mkono nikaona kama haupo. Tulibakisha kidogo tu tusukume dawa, na ingeenda moyoni. Ulipokohoa mkono wangu ukaachia, nikauona.

Atieno akasimamisha kijiko. Nilingoja hasira, nikijua ni haki yao. Mama Peres aliusogeza uji pembeni kwa mkono wa kushoto. Nilisikia miluzi ya kifua chake, ndani na nje.

"Kesho kuna mwingine?" aliniuliza.

Nikasema yuko. Mwendesha boda boda aliyeanguka, mfupa wa mkono umevunjika, na ameandikiwa bloku.

"Anakohoa?"

Nikasema hapana. Ni mtu mzima, mwenye nguvu, kifua chake hakina neno.

Akageuza kichwa akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua tu, kama mtu anayeuliza njia.

"Sasa huyo ataokolewa na nini?"

Nilimrekebishia mto, nikamwambia alale, nikatoka kwenye mvua bila mwavuli kama mwehu.

Sasa ninalo jibu lake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimekuwa nikilitumia hilo kuwasuta wagonjwa wanaoficha dalili. Kesho litanihusu mimi. Kikao kikianza nitasimama kabla ya mtu mwingine yeyote, Ogola akiwa mbele yangu na sukari yake. Nitasema sindano ilikuwa ndani ya vena, tulivuta tukakosa damu, na ni mkono wangu ulioificha. Nitasema pia kwamba hii si ajali isiyo na kinga. Kinga yake ni kuinua mkono. Kabla ya sindano kuingia, inua. Kabla ya kuvuta, inua. Tafuta kila vena kwa mkono mwepesi, ya pembeni na ya nyuma, hata kama umeshaona njia nzuri, maana njia nzuri ndiyo iliyonidanganya. Na bila jeli ya kutosha, hakuna bloku. Nitakaa mlangoni mwa stoo hadi wanichukie.

Mkuu akitaka kuzifuta, nitabishana naye. Nitaileta altrasaundi kwenye kikao, nitavua koti langu niinue mkono, nitamkabidhi kichwa cha mashine abonyeze kwapa langu mwenyewe mbele ya wote, kisha aachie. Ajionee. Asiposhawishika nitarudi tena kikao kijacho, na kile kingine, na nitazoeleka kama kelele za mabati wakati wa mvua.

Naogopa, lakini si kama nilivyoogopa asubuhi.

Baada ya kikao nitaingia thieta, nitamsalimu yule mtu wa boda boda, na nitatafuta mishipa yake yote, mmoja baada ya mwingine, bila kumtegemea akohoe.